Bibi Harusi Agoma Kuwaka

Mzee Majira alikuwa fundi saa, na mtu aliyezeeka akifungua saa za watu huwa haamini kwamba kitu kinaweza kusimama chenyewe tu. Kwake kila kilichosimama kilikuwa na kilichokisimamisha: vumbi, kutu, au mkono wa mtu. Kwa hiyo asubuhi ile alipozungusha ufunguo wa gari lake, injini ikalia, ikalia tena, ikakataa katakata kuwaka, hakuwaza betri wala mafuta. Alijiuliza, nani kaligusa?

Lilikuwa gari la zamani la milango minne, rangi ya maziwa, lenye taa za duara na bampa za chuma zinazong'aa hata ukajiona ndani yake. Magari ya aina hiyo yalikuwa yamekwisha barabarani. La kwake lilibaki kwa sababu ya matunzo. Alilifuta kwa kitambaa laini kama anamfuta mtoto uso, jua likiwa kali alilivika turubai, na hakuna aliyeruhusiwa kula chochote humo ndani, hata karanga. Watu wa mtaani walilibatiza Bibi Harusi. Mkewe alilipa jina lake mwenyewe. "Mke mwenzangu kaamkaje leo?" ndivyo alivyozoea kuuliza kila akimwona mumewe anatoka na kitambaa.

Asubuhi hiyo hakuuliza. Alisimama mlangoni kwa jikoni, mikono inachuruzika maji, akasema, "Kama haliwaki, muite fundi alivute. Lipeleke gereji likae huko."

Mzee Majira akatoa kichwa dirishani. Tangu waoane mkewe hakuwahi kuwa na neno lolote kuhusu injini.

"Likae huko? Kwani limekukosea nini?"

"Halijanikosea kitu. Nakuonea huruma wewe tu."

"Kesho nawafuata wajukuu, umesahau? Nimeshamwambia binti yako awafungie mizigo. Wanakuja kumalizia likizo hapa."

"Watakuja na basi," mkewe akajibu upesi, upesi mno, akarudi jikoni.

Mzee alibaki ameshika usukani. Kuna kitu hapa, alijiambia. Mtu hajibu haraka hivyo ila awe amekwisha kulifikiria swali.

Gereji hakuzipenda hata kidogo. Alisema gari huingia gereji na viungo vyake likatoka na viungo vya marehemu. Rafiki yake, muuza magodoro, alipeleka la kwake kubadilishiwa pedi za breki. Breki zilirudi safi, lakini redio ilikuwa imenyamaza, na walipoichomoa walikuta ganda tupu, halina hata waya. Tangu kusikia kisa hicho, Mzee Majira alikuwa akifanya kila kitu mwenyewe uani: mafuta, plagi, mikanda, vyote. Mwaka huo tu ndio alikuwa amelegea. Alisingizia mgongo. Hata dukani alikuwa amepunguza kazi. Saa za mkononi alizirudisha kwa wenyewe akisema za siku hizi ni takataka, hazistahili hata kufunguliwa, akabaki na zile kubwa za ukutani. Watu walimwamini. Alikuwa mtu wa majivuno na maneno kama hayo yalimkaa.

Mwishowe alipiga moyo konde, akamwita Fundi Grisi.

Fundi Grisi alikuwa na gereji nyuma ya kituo cha mafuta, mtu wa makamo, mpole, mwenye ovaroli ambalo hakuna aliyewahi kujua rangi yake ya awali. Alifika na kisanduku cha spana, akaamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Angalia, lakini usifungue kitu bila kuniambia."

Fundi akacheka. "Mzee wangu, nitaangaliaje bila kufungua?"

Alinyanyua boneti, akamwomba mzee akae kwenye usukani azungushe ufunguo. Mzee akazungusha. Boneti ilikuwa imemziba, kwa hiyo alibaki kusikiliza tu, na masikio yake yalikuwa makali. Alisikia vibanio vikifunguka, tak, tak. Kisha kimya. Si kimya cha mtu anayetafuta. Kilikuwa kimya cha mtu aliyekwisha kuona. Halafu akasikia vibanio vikifungwa tena, taratibu, kama mtu anayefunga mlango asiamshe waliolala.

Aliposhuka alimkuta mkewe amesimama karibu na fundi, amemletea chai. Yeye mwenyewe mwenye nyumba alikuwa bado hajapewa.

"Umeona nini?" aliuliza.

Fundi Grisi alipuliza chai yake kwa muda mrefu. "Ni mambo ya umeme, mzee. Tulivute tukaliweke gereji. Likae wiki mbili, tatu, tulichunguze bila haraka."

"Umeme upi? Taa zinawaka, honi inalia."

"Umeme una mengi, mzee."

"Na malipo ya kuanzia?"

"Aa, hayo tutaongea baadaye. Usijali."

Hapo ndipo machale yalipomcheza. Maishani mwake hakuwahi kukutana na fundi asiyetaka kitu cha kuanzia. Fundi anayekusubirisha wiki tatu na asidai chochote anatafuta kitu kikubwa zaidi ya malipo.

"Acha nifikirie," alisema kwa ukavu.

Mkewe akamsindikiza fundi hadi getini. Mzee akajifanya anakunja turubai, akavuta hatua kuelekea ukutani. Sauti zilikuwa za chini.

"Lakini mama, mpaka lini?" fundi alikuwa akiuliza.

"Nivumilie kidogo tu, baba. Nitajua la kufanya."

Mzee alirudi kwenye turubai. Na kabla hajamaliza kulikunja, simu yake ikaita. Alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe, dalali wa viwanja na nyumba, mtu mwenye maneno laini hata ukimsikiliza unahisi umepakwa mafuta.

"Pole, shemeji! Nasikia Bibi Harusi kagoma?"

"Umesikia kwa nani?"

"Ee... mambo husikika tu, shemeji. Lakini huu si wakati wa kupumzika? Gari la zamani linachosha. Mbona usiliache tu?"

Mzee Majira alikata simu bila kuaga. Miezi michache nyuma shemeji huyohuyo alikuja na bwana mmoja wa miwani myeusi, aliyelizunguka gari akilipapasa kama anachagua mbuzi, akasema analitaka kwa kukodisha kwenye harusi. Mzee aliwatoa wote wawili mbio. Sasa kila kitu kilijipanga mbele yake kama magurudumu ya saa, jino kwa jino: mke anataka gari liende gereji, fundi halitaji tatizo wala malipo, shemeji anajua kabla ya kuambiwa. Gari lingetoka uani likivutwa, na siku moja wangemwambia halitengenezeki, limeuzwa chuma chakavu. Kisha angeliona mjini limefungwa maua, limebeba bibi harusi wa watu.

Hakula mchana. Alitoa kisanduku chake cha spana, akatandika gunia chini ya kibanda cha mabati, akavua shati.

"Unafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Natengeneza gari langu."

"Mwenyewe?"

"Nimefungua saa zenye magurudumu madogo kuliko punje ya mchele. Nishindwe na lidude kubwa kama hili?"

"Hizo ni za zamani, baba watoto."

Neno hilo lilimchoma. Lakini alikuwa amekwisha kuanza, na mtu mbishi akishavua shati halivai tena hadi kieleweke.

Alifanya kazi kwa mpango. Aliinusa petroli kwenye bomba, ilikuwapo. Akachomoa plagi moja, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akamwita mkewe azungushe ufunguo. Mkewe aliingia kwenye gari polepole, uso umemkauka, akazungusha. Mzee aliinamisha sikio. Plagi nzima hupiga mlio mdogo moto unaporuka, na mlio huo angeutambua hata katikati ya soko. Hakusikia kitu.

"Tena."

Akazungusha tena. Kimya.

"Hakuna moto," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. "Kuna mahali moto unakatika. Kaa pembeni."

Alizifuata nyaya za plagi kwa vidole, moja baada ya moja, hadi kwenye kifuniko cheusi zinakokutania. Akafungua vibanio viwili, tak, tak, mlio uleule aliousikia asubuhi. Akainua kifuniko, akaingiza vidole. Ndani yake huwa kuna kidude kidogo cha plastiki nyeusi, mafundi wanakiita rota, kinachozunguka na kugawa moto kwa kila plagi. Vidole vyake vilikuta ncha ya chuma tupu. Akapapasa tena. Akapapasa chini, pembeni, ndani ya kifuniko chenyewe.

Rota haikuwamo.

Haikuwa imevunjika, kwani hapakuwa na hata kipande. Kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri na vibanio vyake. Kidude kama hicho hakitoki chenyewe kikajifungia mlango nyuma. Kilikuwa kimechukuliwa.

Aligeuka amwambie mkewe, akakuta amekwisha kuingia ndani.

Hakuvaa hata shati vizuri. Alikwenda moja kwa moja gereji, vifungo vimepishana, mikono imejaa masizi. Fundi Grisi alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, na dereva wa lori ameketi juu ya tairi akila muwa.

"Toka humo!" Mzee Majira alifoka. "Toka unipe kitu changu!"

Fundi akajiburura nje. "Kitu gani, mzee?"

"Rota ya gari langu. Ulifungua kifuniko leo asubuhi, ukaichukua, ukafunga, ukanywa na chai yangu juu yake. Unataka nikuletee gari mwenyewe kwa miguu yangu mlichinje!"

Mafundi wengine waliacha kugonga. Mwanamke aliyekuja kuchukua gari lake akasogea nyuma, akautazama mkoba wake kama vile nao umo hatarini. Fundi Grisi aliinuka, akajipangusa mikono taratibu. Alikuwa ameumia, ilionekana, lakini hakupaza sauti.

"Mzee, nikuulize. Gari lilianza kugoma kabla sijaja au baada ya kuja?"

"Kabla."

"Nani alinipigia simu nije?"

"Mimi."

"Sasa niliiba nini ili gari ligome, na mimi bado niko kwangu nimelala?"

Dereva wa lori aliangua kicheko hadi muwa ukamtoka mdomoni. Mzee Majira alihisi masikio yanamwaka. Yeye, mtu wa kupanga gurudumu baada ya gurudumu, alikuwa amelitanguliza la mwisho mbele ya la kwanza. Lakini hakuwa mtu wa kuzama bila kushika kitu.

"Basi ulijua," alisema. "Ulifungua ukaona haimo, ukanidanganya kwamba ni mambo ya umeme."

Fundi Grisi aliinamisha macho. "Hapo umenipata."

"Kwa nini?"

"Niliombwa."

"Na nani?"

Fundi alimshika mkono, akamsogeza mbali na wale wengine. "Mzee wangu, nenda nyumbani. Na mimi nina mke. Siwezi kuingia katikati ya watu wawili waliozeeka pamoja."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Alipovuka barabara, pikipiki ilimpigia honi kali, akaruka kando. Aliisikia kwanza, ndipo akaiona, tena kama kivuli kinachopita. Hakujali. Kichwani mwake alikuwa na mkewe na shemeji na bwana wa miwani wameketi meza moja. Miaka yote hiyo, alijiambia. Kumbe ananizunguka.

Alimkuta mkewe sebuleni anakunja nguo.

"Mama watoto, rota iko wapi?"

Hakujifanya hajui. Aliweka chini shati alilokuwa analikunja, akaenda chumbani, akarudi na soksi kuukuu iliyofungwa fundo. Akaifungua, akakiweka kidude kile cheusi mezani.

"Mmemwahidi yule wa miwani kumpa lini?" mzee aliuliza. "Wewe na ndugu yako. Nataka kujua tu siku, nisiwepo."

Mkewe alimtazama kama hajaelewa. Kisha akaelewa, akacheka kidogo, na kicheko hicho kikamgeukia katikati kikawa machozi.

"Kuuza? Unadhani nataka kukuuzia gari lako?" Aliketi. "Unakumbuka tulipotoka kumwona dada yangu hospitali? Ulikuwa unanisimulia habari za muuza magodoro, nikapiga ukelele."

"Ulisema umekumbuka umeacha jiko linawaka."

"Sikuacha jiko. Kulikuwa na mwanamke anavuka, amebeba mtoto mgongoni. Alikuwa amekwisha kufika katikati. Hukupunguza mwendo, hukukata kona, hukufanya kitu. Alirudi nyuma mwenyewe, kanga yake ikagusa kioo cha pembeni. Nikapiga ukelele, na wewe ukaniuliza, 'Nini?' Uliniuliza nini, baba watoto! Ukaendelea na habari za magodoro."

Mzee Majira alivuta kiti, akaketi.

"Nikasubiri useme mwenyewe," mkewe aliendelea. "Nikakuona unarudisha saa za watu. Nikakuona unahesabu ngazi kwa mguu. Chai unajua imejaa kwa kutia kidole. Nikasema, ataniambia. Hukuniambia. Ukaja ukaniambia unawafuata wajukuu, uwapakie humo uje nao barabara yote ile. Ningefanyaje? Ningekwambia usiendeshe ungenisikia?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungesema naonea wivu gari. Nilimwuliza ndugu yangu nifanyeje, akaniambia magari haya ya zamani yana kidude kimoja, ukikitoa limekwisha. Nilikitoa ulipokuwa unaoga. Fundi nilimsihi kwa ishara pale penye boneti, akanionea huruma. Basi. Hiyo ndiyo njama yetu."

Palikuwa na njia nyingi za kulijibu hilo, na mzee alijaribu karibu zote. Alisema macho yake ni mazima. Alisema mwanamke yule alivuka ovyo. Alisema mtu asiyejua injini hana haki ya kutia mkono ndani yake. Mkewe alimsikiliza hadi akaishiwa, kisha akamwuliza kwa upole, bila kejeli yoyote, "Mimi hapa nilipokaa, unaniona uso?"

Alimtazama. Aliona kitenge chake, aliona umbo lake lile alilolijua; mahali pa uso palikuwa na ukungu, kama kioo kilichopumuliwa. Tangu muda mrefu alikuwa akiona hivyo. Hofu yake hasa haikuwa giza. Ilikuwa siku ambayo watu wangejua kwamba fundi saa haoni saa.

"Sikuoni," alisema.

Kesho yake wajukuu walikuja na basi; mzee na mkewe hawakuongea sana siku zilizofuata. Mzee alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo hakujua aielekeze wapi. Maana kila alipotafuta wa kumlaumu alijikuta anarudi kwake mwenyewe. Kwanza alikwenda gereji. Alichagua saa ya watu wengi makusudi, akasimama pale pale aliposimama siku ile.

"Nilimwita huyu bwana mwizi," alisema kwa sauti ya kutosha. "Si mwizi. Nilikosea."

Fundi Grisi aliona haya kuliko mzee mwenyewe. "Yameisha, mzee, yameisha. Sema dereva wa lori bado anakutangaza njia nzima."

Kisha mkewe akampeleka kwa daktari wa macho. Mzee alimtilia shaka daktari naye, kwa kuwa alikuwa kijana na alisema haraka. Akamwuliza maswali ya mitego, akamwuliza tena yaleyale kwa namna nyingine aone kama majibu yatagongana. Hayakugongana. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, linapasulika. La kushoto presha ya jicho ilikuwa imekwisha kulila, na kilichopotea humo hakirudi.

Walimpasua la kulia. Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona ni mkewe ameinama mbele yake, amezeeka kuliko alivyomkumbuka, na ana kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakulijua. "Hili umelipata wapi?" aliuliza. Mkewe akasema ni mlango wa kabati, mwaka jana. Mzee aliinua kidole akaligusa.

Saa za mkononi alianza kuzipokea tena, chache, kwa jicho moja na lenzi. Kuendesha aliacha, kwa shingo upande. Akatangaza kwamba Bibi Harusi atakaa uani afutwe tu. Ni mkewe aliyekataa. Alijiandikisha shule ya udereva na wasichana wa umri wa mjukuu wake mkubwa, akafeli mara ya kwanza, akanuna, akarudi, akafaulu.

Siku ya kwanza walipotoka wawili, mzee aliketi kiti cha abiria ameshika mkanda kwa mikono yote miwili, akimshuku kila anayepita.

"Umemwona yule wa baiskeli?"

"Nimemwona."

"Huyu mwenye gari jeupe hana nia nzuri."

"Nimemwona, baba watoto."

Mzee akainamisha kichwa upande. "Subiri. Sikia. Kuna vali inagonga."

"Mimi sisikii kitu."

"Inagonga. Tukifika nitafungua kichwa cha injini hapo uani, kazi ya siku mbili tu. Grisi ukimpa hii ataanza, mara sijui gasketi, mara sijui nini. Simshuku, ni mtu mzuri. Lakini vijana wake pale siwajui hata mmoja, na yule mwembamba ana macho ya..."

Mkewe aliangalia kioo cha pembeni, akawasha taa ya kuashiria, akapunguza gia ikalia kwa uchungu hata mzee akakunja uso, akakata kona nyuma ya kituo cha mafuta na kuingia gereji. Fundi Grisi alipoona ni nani aliyeshika usukani, aliweka spana chini akapiga makofi.

"Basi nitasimama hapa hapa anapofanya kazi," mzee alisema akifungua mlango. "Hadi amalize."

"Simama," mkewe alisema. "Mimi nakwenda sokoni kwa miguu."